Nilivyosafisha uwanja kungojea wageni, nikatupa nyumba ya mama yangu

Wakuu, asalaam aleikum. Na wale wa habari za leo, nawasalimu vilevile.

Mimi hapa ni msomaji wa kimya. Nasoma vituko vyenu, nacheka, naenda zangu. Leo zamu ni yangu.

Hiki kisa nimekihakiki mara mbili kabla ya kuandika. Sijaongeza kitu. Nilichopunguza ni matusi niliyojitukana mwenyewe nikiwa juu ya bodaboda.

Kwanza mnijue kidogo.

Nauza vyombo hapa Garissa. Sufuria, thamosi, masinia, vikombe vya dazeni. Kwenye kazi hii ukihesabu mara moja umeliwa, kwa hiyo mimi nahesabu mara mbili. Imekuwa tabia. Bibi yangu Hibo husema hata watoto wetu wakishuka kwenye bajaji nawahesabu mara mbili, na ni wawili tu.

Sikatai. Mpaka leo wako wawili.

Tunakaa mtaa wa Iftin: mimi, Hibo, watoto, na mama yangu, ambaye sote tunamwita Hooyo. Nyumbani lugha ni Kisomali, lakini maneno yao nitayaweka kwa Kiswahili ili twende pamoja.

Sasa.

Hooyo ana mdogo wake, Habaryar Dahabo, anakaa Habaswein. Habaryar ni mama mdogo. Hawa wawili walikuwa hawajaonana miaka tisa. Magoti ya Hooyo hayataki safari tena, na Habaryar macho yake yalianza kuingia ukungu, ukungu ukawa pazia.

Binti yake, Fatuma, akapiga simu. Amempatia miadi ya daktari wa macho hapa mjini. Watafika Alhamisi, Jumatatu waende kliniki.

Hooyo akachukua simu, akauliza swali moja tu.

"Anaona kiasi gani?"

Fatuma akasema, "Anajua mchana na usiku. Mtu anamjua akimgusa."

Hooyo akanirudishia simu. Hakusema kitu mpaka chakula cha mchana, na mama yangu si mtu wa kunyamaza mpaka chakula cha mchana.

Hibo naye alikuwa ameshasimama. Wakuu, kama una mke wa huku unajua kile kisimamo. Dera limefungwa kiunoni, kichwani kitambaa, mkononi ufagio. Mgeni wa siku nne anakuja, na nyumba itasafishwa kama ya mtu anayehama.

Nieleze kidogo kwa wale wa mikoa yenye mvua. Vumbi la Garissa lina haki za mpangaji. Ukilitoa asubuhi, jioni limerudi na ndugu zake.

Tulianza Jumatatu. Mapazia saba yakaenda kwenye beseni. Magodoro sita yakapanda ukutani kupigwa fimbo. Kapeti kubwa ya sebuleni tuliikanyaga kwa maji ya sabuni mpaka maji yakatoka rangi ya chai, kisha rangi ya chai ya maziwa, kisha Hibo akasema bado.

Mito ya kuegemea nilihesabu kumi na minne. Hibo akasema ni kumi na mitatu. Nikahesabu tena, kumi na mitatu. Wa kumi na nne tuliukuta nje, mbuzi ameulalia na anatutazama kama tumeingia chumbani kwake bila hodi.

Nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Nikasugua tangi. Nikaleta vikombe vipya dukani, na nitaficha ni vingapi kwa sababu Hibo pia yuko kwenye hii forum.

Katikati ya hayo yote, Hooyo alikuwa na shughuli yake.

Jumatatu aliomba ufunguo wa stoo. Nikampa.

Jumanne akaniomba mtungi wa maji.

"Wa nini, Hooyo?"

"Wa kazi yangu."

Wiki hiyo maji yalikuwa ya kununua, kwa hiyo nikampelekea mtungi nusu. Akauinua, akaupima kwa mkono, akaniangalia.

"Ujaze."

Nikajaza. Nikajua anamwagilia mpapai wake kule nyuma. Sikwenda kuangalia. Mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na hiyo siku sikuangalia hata mara moja.

Jumatano ikawa zamu ya uwanja wa nyuma.

Huku kwetu adui wa uwanja ni mathenge. Wanaoujua mti huu wameshaanza kujikuna. Ni kichaka chenye miba, kilianza kama mche mmoja wa kivuli na sasa kinataka hati ya shamba. Mwiba wake unatoboa kandambili, unatoboa tairi la bodaboda, na nina hakika mtu akiupa muda utatoboa sufuria.

Nilikata kuanzia alfajiri. Panga, reki, glavu mbili za mkono mmoja wa kulia (usiulize, nilipunguziwa bei). Nikalundika matawi yote kwenye ukuta wa nyuma, rundo refu kufika kifuani. Kisha nikampigia simu Bare.

Bare ana mkokoteni wa punda. Anabeba takataka, mchanga, mawe, chochote. Tumepatana bei miaka sita na hakuna aliyewahi kushinda.

Alifika, akaangalia rundo bila kushuka.

"Hii safari mbili."

"Moja," nikasema.

"Abdi, una macho? Mbili na nusu."

"Umeongeza ukiwa umekaa tu?"

"Si mimi. Jua linaongeza."

"Punda wako amenenepa, anabeba hii yote na wewe juu."

"Mwache punda wangu. Yeye hajakukosea."

Tukaendelea hivyo. Nikarudi nyuma hatua tatu kama mtu anayekwenda kutafuta mkokoteni mwingine, yeye akageuza punda kama mtu anayeondoka. Wote tunajua hakuna anayeondoka.

Mwishowe akakubali bei ya safari moja. Na hapa ndipo nilipojiona bingwa, nikaongeza sharti.

"Lakini hata kijiti kisibaki ukutani. Nikirudi nikakuta kijiti kimoja, nakata hela."

Bare akatazama ukuta, mwanzo hadi mwisho.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata vile vya pembeni?"

"Bare, nimesema hata kijiti."

Akainua mabega. "Haye."

Nikaenda dukani kuchukua sinia, nikaswali adhuhuri, nikarudi. Uwanja, mashallah, ulikuwa umenyooka kama kiganja. Ukuta mtupu, hata jani. Nilifurahi mpaka nikapiga picha nikaituma kwenye group la familia, nikaandika, "Karibuni wageni."

Hiyo picha iko hadi leo. Fatuma amekataa ifutwe.

Hooyo alikuwa amelala kidogo baada ya chakula. Hibo akatoka jikoni anafuta mikono, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Zile za Hooyo umezihamishia wapi?"

"Zipi?"

"Abdi. Fito za aqal. Zilikuwa hapo ukutani, pembeni. Amezimwagilia maji tangu jana zilainike."

Wakuu, nilikumbuka ule mtungi. Nikakumbuka na "hata vile vya pembeni."

Kwa wasiojua, aqal ni nyumba ya mfugaji wa Kisomali. Fito zinapindwa kama upinde, zinafungwa kwa kamba, juu yake mikeka. Ukihama unaifungua, inapanda juu ya ngamia, unaisimamisha kwingine. Na nyumba hiyo ni ya mwanamke. Anatengenezewa akiolewa, na wanawake wa kwao ndio wanaofanya kazi. Mwanamume hata akiwa na ngamia mia, ndani ya ile nyumba ni mgeni wa kudumu.

Ya Hooyo walitengeneza yeye, mama yake, na Dahabo, wakati huo Dahabo ni msichana wa kutumwa kamba.

Ukame ulipomaliza mifugo yetu na tukaja mjini, Hooyo aliuza kila kitu isipokuwa hiyo. Iliingia Garissa juu ya lori. Tangu hapo imelala stoo, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nikiipita naenda kuchukua jembe.

Hibo akapunguza sauti.

"Amesema Dahabo nyumba yetu hataiona, hata tukiipaka dhahabu. Lakini ile ataijua kwa mikono. Anataka kesho aingie ndani yake kabla ya kwenda kwa daktari. Kwa sababu hajui daktari atasema nini."

Kisha akaongeza, "Ni fito ishirini na mbili. Alinihesabia."

Ishirini na mbili. Nyumbani kwangu kulikuwa na kitu cha kuhesabiwa na hakuna aliyenipa nafasi.

Nikachukua bodaboda.

Bare nilimkuta upande wa soko la mifugo, chini ya mwarobaini, punda anakunywa maji. Na juu ya mkokoteni, wakuu, kulikuwa na paa. Fito sita, zimepinda vizuri kabisa, gunia limetandazwa juu, yeye amekaa kivulini kama chifu.

"Waryaa, Abdi! Umeona? Gari sasa lina paa."

"Bare, hizo fito nazitaka."

Akatabasamu. Lile tabasamu nalijua, huwa nalivaa mimi dukani.

"Ulisema hata kijiti kisibaki. Hakikubaki. Sasa ni vyangu. Tuseme bei ya safari mbili na nusu?"

"Sawa."

Tabasamu likaondoka. Akashuka, akanishika paji la uso.

"Abdi, uko mgonjwa?"

"Ni aqal ya mama yangu."

Sijawahi kumuona Bare akiwa na haraka, lakini siku hiyo alifungua zile kamba kama mkokoteni unawaka moto. Huku anafungua ananilaumu, na alikuwa na haki.

"Mimi nilikuuliza. Nilisema, hata vile vya pembeni?"

"Uliuliza."

"Wewe ukasema, Bare, nimesema hata kijiti."

"Nilisema."

"Na ule ukali wako wa bei."

"Bare, zingine ziko wapi?"

Akakuna kidevu. "Nimempa Halimo wa chai. Kuni."

Hilo neno la mwisho liliingia kama mwiba wa mathenge.

Halimo ana kibanda cha chai hatua chache kutoka hapo, anauzia wachuuzi wa mifugo. Mama wa makamo, mikono ina alama za moto, macho makali. Nilifika nikaona fito zimeegeshwa nyuma ya kibanda. Nikahesabu. Kumi na tano. Nikahesabu tena. Kumi na tano.

Sita na kumi na tano ni ishirini na moja. Nikajiambia Hibo amekosea kama alivyokosea kwenye mito, nikasahau kwamba kwenye mito yeye hakukosea, wa kumi na nne alikuwa nao mbuzi.

Sasa, mimi ni mtu wa biashara. Huwezi kumfikia muuza kitu ukamwonyesha unakitaka sana, na kwa Bare nilikuwa nimeshajiaibisha. Nikakaa kwenye benchi. Nikaagiza chai.

Ikaja ya maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi, moto sana. Na ilikuwa na harufu ya moshi, moshi mtamu, kama wa ubani kwa mbali.

"Mashallah, abaayo," nikasema, yaani dada. "Chai hii ina siri gani?"

"Kuni nzuri tu."

Nikanywa. Nikaomba ya pili. Nikazunguka kama ninavyozunguka dukani, nikauliza biashara, nikauliza jua, nikafika kwenye zile fito za nyuma, kwamba nina banda la kuku, labda zingenifaa.

Halimo aliweka mikono kiunoni.

"Banda la kuku?"

"Dogo tu."

"Waryaa, wewe unanionaje? Mimi nimezaliwa ndani ya aqal. Bare alipozishusha nilijua ni nini. Nikamuuliza, mwanamke gani ametupa nyumba yake? Akasema zimetoka kwa mtu anasafisha uwanja. Nikajua mwenyewe amekufa na watoto wanasafisha. Nimemuombea dua hapo nilipokaa."

Nikaweka kikombe chini.

"Hajafa. Ni mama yangu. Amelala. Akiamka asiponikuta na hizo fito, sijui."

Nikamweleza yote. Habaryar, macho, kesho. Wachuuzi wawili wa mbuzi waliokuwa wanabishana pale wakaacha kubishana.

Halimo akawa ananisikiliza huku anatazama chini, kwenye jiko.

"Zilikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili, kwa hesabu ya mama. Hapa kumi na tano, kwa Bare sita."

Akavuta pumzi. Akaelekeza kwa kidevu chini ya sufuria, kwenye majivu na kipande chekundu kilichobaki, urefu wa kidole.

"Hiyo ndiyo iliyochemsha chai yako."

Wakuu.

Nilikuwa nimekunywa nyumba ya mama yangu. Vikombe viwili. Na nilikuwa nimeisifu.

Nikatoa pesa za fito kumi na tano. Akasukuma mkono wangu.

"Sitaki. Hao mabibi ni wazee, nani atawavutia kamba?"

Sikuwa nimefikiria.

"Kesho nitafunga kibanda baada ya saa nne," akasema. "Nitakuja kufunga hizo fito mwenyewe. Hiyo ndiyo bei. Usipunguze."

Sikupunguza.

Bare akatubebea zote mpaka Iftin, akakataa hela. (Wiki iliyofuata alizikumbuka. Hatujamaliza kupatana.)

Hooyo alikuwa ameamka. Amekaa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa nyuma, tasbihi mkononi, anatazama ukuta mtupu. Tulipoingia na mzigo hakuuliza. Alisema tu, "Ziwekeni kivulini," akarudi kwenye tasbihi yake.

Kutouliza kwake kulinisumbua kuliko kama angeuliza.

Na bado moja ilikosekana. Hapa nakiri, na mniwie radhi.

Alipoingia ndani kuswali alasiri, nilikwenda nyuma ya tangi na tawi la mathenge, moja lililokuwa limebaki mizizini, refu na laini. Nikalitoa miba na maganda. Nikalipinda polepole juu ya moto mdogo. Lilikuwa jeupe kama mfupa, linapiga kelele katikati ya zile kongwe nyeusi, kwa hiyo nikachukua samli jikoni na masizi ya chini ya sufuria, nikalisugua nimechuchumaa, mpaka rangi ikakaribia.

Nikaliingiza kwenye fungu. Nikahesabu. Ishirini na mbili. Nikahesabu tena. Ishirini na mbili.

Hesabu ilikuwa sawa lakini moyo haukuwa sawa. Dukani hiyo haijawahi kunitokea.

Alhamisi Hibo akafukiza uunsi, ule udi wa Kisomali, vyumba vyote. Halimo akafika saa nne na nusu na thamosi yake, kwa sababu alisema hataki kunywa chai ya mtu mwingine. Wageni wakafika karibu saa sita. Fatuma akamshusha mama yake taratibu, na mkononi mwa Habaryar kulikuwa na kopo la nyirinyiri, nyama kavu ya kukaangwa, amelipakata njia nzima.

Hooyo alitoka mpaka getini. Magoti yale yale.

Hawakukumbatiana mara moja. Hooyo aliushika mkono wa mdogo wake akauweka shavuni kwake. Habaryar akapitisha vidole, paji, pua, kidevu.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umezeeka," Hooyo akamjibu.

Ndipo wakalia, na mimi nikaenda kuhesabu mizigo. Ilikuwa mitatu.

Sasa fikirieni ile sebule. Kapeti imeoshwa mara tatu. Mapazia saba. Mito kumi na minne imepangwa kwa rangi. Vikombe vipya juu ya sinia jipya. Hooyo alimpitisha Habaryar katikati ya vyote hivyo bila kusimama, wakatokea mlango wa nyuma.

Hibo akanitazama. Sikuthubutu kucheka.

Uwanjani Hooyo akamkalisha mbele ya lile fungu, akamwekea mikono juu yake.

"Haya. Niambie ni nini."

Habaryar alishika ufito wa kwanza. Akashika wa pili. Kisha akashika mkeka, akaunusa, akakuta pale ukingoni mshono umekwenda upande.

"Huu niliushona mimi," akasema. "Mama alinichapa kwa ajili ya huu mshono."

"Na ulistahili."

Kazi ikaanza. Halimo na Fatuma wakichimbia ncha, Hooyo akiamuru kutoka kwenye kiti, Habaryar katikati akizishika fito zikipanda moja moja. Mimi nilipewa kazi ya kushika kamba na kunyamaza. Nilikosea moja kati ya hizo mbili, Hooyo akasema, "Hooyo, shika tu," maana huku mama humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye.

Fito ziliposimama zote, kabla ya mikeka, Habaryar akataka kuizunguka. Akaanza mlangoni, mkono juu, midomo ikihesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Hapo akakawia kidogo, akaendelea.

Mimi nilikuwa nahesabu naye. Nilijua ile ya mathenge ilipo. Tuliifunga nyuma, upande wa kushoto.

Kumi na tano. Kumi na sita.

Akasimama.

"Huyu nani?"

"Nani nani?" Hooyo akauliza.

"Huyu. Simjui. Mbichi." Akasogeza pua. "Na ananuka samli."

Halimo akainamia kamba yake kama imemwita.

Sikuwa na pa kwenda. Nikasema, "Habaryar, huyo ni wangu." Nikawaeleza. Mathenge, Bare, sharti langu la hata kijiti, kibanda, jiko. Nikafika kwenye chai nikataka kuiruka, lakini nilikuwa nimeahidi moyoni kusema kweli, nikasema na chai.

Kazi ikasimama. Hata mbuzi akaacha kutafuna.

Habaryar akageuza uso upande wangu.

"Ilikuwa na sukari?"

"Nini?"

"Chai."

"Ilikuwa nayo."

"Nzuri?"

Nikamtazama Halimo. "Nzuri sana, Habaryar. Nilikunywa mbili."

"Basi haikuungua bure," akasema, na akacheka mpaka akamshikilia Fatuma. Hibo akacheka. Halimo akacheka ndani ya mtandio.

Hooyo hakucheka. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu. Ile nyumba aliibeba kutoka porini mpaka hapa ikiwa kamili, na mtu aliyeipunguza ni mimi, nikitengeneza uwanja upendeze.

Akainuka kwenye kiti. Akamshika Habaryar mkono, akamrudisha mpaka mlangoni, akamwekea kiganja kwenye ufito wa tatu.

"Na huyu?"

Habaryar akaupapasa kwa muda. "Nilidhani mikono yangu imechoka. Huyu pia si wetu."

"Huyo ni wa baba yake Abdi."

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na moja. Nyumbani tunamtaja kwenye dua, zaidi ya hapo si sana.

Hooyo akasema mwaka mmoja walikuwa wanahama, baba hakutaka kungoja wanawake, akapakia ngamia mwenyewe. Ufito ukavunjika. Akatafuta mwingine, akaupaka mafuta na majivu, akauficha katikati ya fungu na kunyamaza.

"Ulijua lini?" Habaryar akamuuliza.

"Siku ile ile. Nilipoushika."

"Na hukumwambia?"

"Alikuwa ameshahangaika. Kumwambia kungeongeza nini?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Jana, hooyo, nilipomaliza kuswali nilikuwa dirishani. Nilikuona nyuma ya tangi unasugua." Akaupapasa ule ufito wa tatu. "Hata unavyochuchumaa ni yeye."

Akamwambia Halimo, "Huyo wa mathenge mfunge vizuri. Huyo anakaa."

Wakuu, mimi ni mtu mzima mwenye duka. Nilisema vumbi limeniingia machoni. Uwanja nilikuwa nimeufagia mara mbili, kwa hiyo hakuna aliyeniamini.

Mikeka ilipokwisha kuwekwa, wakaingia ndani ya aqal wale wawili, wakakaa humo mpaka magharibi. Sebule ilitumiwa na mimi na mbuzi.

Mnauliza macho. Daktari alisema jicho moja lina matumaini, akalifanyia upasuaji. Siku bandeji ilipotoka, Habaryar aliomba apelekwe kwanza uwanjani. Akaingia kwenye aqal, akaenda moja kwa moja hadi ufito wa kumi na saba, akausogelea akautazama kwa lile jicho moja jipya.

"Mbaya kuliko nilivyodhani," akasema.

Aqal bado imesimama. Halimo huja Ijumaa na thamosi yake. Bare naye ameambiwa na Hooyo kwamba akija kuchukua takataka hapa, asinisikilize mimi, aingie ndani akamuulize yeye.

Nilichojifunza ni kidogo lakini kimenigharimu: mzee wa nyumba akikuomba maji, nenda uone anamwagilia nini. Na ukisafisha kwa ajili ya wageni, uliza kwanza wanachokuja kukiona. Mimi nilisugua vitu vyote isipokuwa kile kimoja.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine hapa amewahi kutupa kitu cha mama akakifuata mbio? Kilikuwa nini, na ulikikuta wapi? Wa kunicheka kuhusu chai wapange foleni nyuma ya Fatuma.

Fito ni ishirini na mbili. Mimi nimehesabu mara moja tu. Mara ya pili anahesabu Hooyo.